Koplo wa Gereji: Uchambuzi wa Kisa cha Shinikizo la Kazi Ugenini

Mke ndiye aliyekuja kwanza. Ilikuwa Juni 2018, msimu ambao baridi ya Nakuru huwafanya watu wavae makoti hadi saa nne za asubuhi, naye aliketi kwenye ncha ya kiti bila kuvua lake, simu ikiwa kiganjani kana kwamba ingeita wakati wowote. Alieleza kwamba hakuja kwa shida yake. Mumewe, koplo wa jeshi aliyekuwa Somalia kwa mwezi wa tano, alikuwa amemkemea kwa simu juu ya pampu ya maji iliyokuwa ikivuja nyumbani, kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia katika miaka 11 ya ndoa yao. Akakata simu, na baada ya saa moja akapiga tena, akawa anahema tu upande wa pili bila kutamka neno. "Daktari, huyo si Baba Watoto ninayemjua," alisema. Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, ila hapa Nakuru kila anayeketi nyuma ya meza akiwa na daftari huitwa hivyo, nami nimechoka kusahihisha.

Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya wote wawili. Nimebadilisha mambo yanayoweza kuwatambulisha, na kambi alikokuwa koplo siitaji. Tulipoanza kuzungumza kwa simu tulikubaliana kwamba hataniambia lolote kuhusu misafara, idadi ya magari au mwendo wa kikosi, nami sitamuuliza. Sharti hilo lilikuwa la lazima na ningeliweka tena leo, ingawa, kama itakavyoonekana, ndilo lililonifanya nifanye kazi kwa miezi minane bila kujua jambo lililokuwa katikati ya kisa chenyewe.

Kenya iliingiza majeshi yake Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata vikosi hivyo vikawekwa chini ya AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika. Kufikia 2018, mitaa ya Nakuru iliyo karibu na kambi ya Lanet ilikuwa imezoea wanaume kuondoka na kurejea kwa zamu, lakini haikuwa imesahau mashambulizi ya al-Shabaab kwenye kambi za Wakenya za El Adde, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017. Ndiyo maana mke alifika kwangu akiwa amekwisha kuamua kwamba mumewe ameona jambo baya na hataki kulisema. Nami nilikubaliana naye upesi mno. Nilijiandaa kushughulikia hofu ya mashambulizi, nikapanga maswali ya ndoto za kutisha na ya kushtuka kwa milio, na mazungumzo yangu ya kwanza na koplo, yaliyodumu dakika 25 hadi mtandao ulipokatika, yakapita kando kabisa ya maswali hayo. Nilipolisoma daftari langu jioni ile niliona kwamba neno "shambulio" lilikuwa limetoka kinywani mwangu mara tatu na kinywani mwake mara moja, ilhali "filta" alikuwa ameitaja mara tisa.

Alikuwa fundi wa magari. Siku yake ilianza saa kumi na moja alfajiri kwa kusikiliza: kabla hajagusa spana alisimama nje ya hema akautegea sikio mlio wa jenereta, kwa kuwa kutokana na mlio ule angejua kama siku itakuwa ya kawaida au itamla. Vumbi la upande ule wa Somalia, aliniambia, ni laini kama unga wa muhogo, na huziba filta za hewa mapema sana kuliko muda uliochapishwa kwenye kitabu cha gari. Filta mpya zililetwa kwa barabara au kwa ndege, na hakuna fundi aliyeweza kupanga kazi yake kwa kuitegemea siku ya kufika kwake, hasa katika mvua za Gu, kati ya Aprili na Juni, ambapo udongo mweusi wa huko hugeuka ulimbo. (Ni udongo wa namna hiyo uliowakwamisha wanajeshi wa Kenya njiani kuelekea Afmadow katika mvua za mwisho wa 2011.) Basi akawa anazigongagonga filta zilizochoka kwa kiganja, anazipuliza kwa hewa, anazirudisha mahali pake, kisha anatia saini daftarini kwamba gari liko sawa.

Saini hiyo ilimsumbua kuliko kazi yenyewe. Hakuwa na uwezo wa kuamua vipuri vifike lini, gari lipi litoke, wala lirudi saa ngapi, lakini gari lilipoharibika swali lilikuwa moja tu: nani aliyetia saini? Juu yake walikuwepo watu watatu wenye haki ya kumwamuru, yaani sajini wa usafiri, afisa wa bohari na kapteni wa kombania, na kila mmoja alikuwa na gari lake ambalo lilipaswa kushughulikiwa kwanza. Nilimuuliza hufanya nini amri mbili zinapogongana. "Nasema 'Ndiyo, afande' mara mbili," alinijibu, "halafu silali."

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, alieleza kwamba wingi wa kazi peke yake si lazima umvunje mtu. Kinachomvunja ni mzigo mkubwa unapokutana na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuubeba. Waliomfuata wakaongeza jambo la tatu, yaani msaada wa watu walio karibu na mfanyakazi. Nadharia hiyo ilizaliwa kutokana na kazi za raia, lakini ilimfaa koplo huyu moja kwa moja. Nathubutu hata kusema kwamba askari aliye doriani, akishambuliwa, ana nafasi kubwa zaidi ya kuamua kuliko fundi aliyebaki gerejini, kwa maana wa kwanza anaweza kulala chini, kujibu mapigo au kuomba msaada, na wa pili anaweza tu kungoja lori lirudi. Kwa kuwa hatari ya fundi haina mlio, hata wenzake hawaioni kuwa hatari, na yeye mwenyewe huona aibu kuilalamikia mbele ya watu wanaotoka nje ya lango kila siku.

Usiku haukumpa nafuu. Kambi ndogo haina mtu wa ziada, kwa hiyo baada ya gereji aliingia zamu ya lindo, mara nyingi ile ya katikati ya usiku, inayougawa usingizi vipande viwili visivyotosha. Kwa jumla alikuwa akilala muda wa saa nne, mara nyingine tano. Utafiti wa uchovu umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, na koplo alizipita saa hizo karibu kila siku. Alijitibu kwa kahawa ya rangi, kikombe cha mwisho kikinywewa saa nne usiku ili kimfikishe kwenye lindo. Na kwa kuwa kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, alipoachiwa zamu saa tisa alirudi kitandani akiwa na nusu ya kikombe kile ndani yake.

Na palikuwa na simu. Babu yake mzaa baba, mtu wa Bungoma, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa Bama (Burma) katika Vita vya Pili vya Dunia, na katika familia yao husimuliwa kwamba aliporudi alikuta ndama aliyemwacha amekwisha kuzaa mara mbili bila yeye kujua lolote. Koplo aliusimulia mkasa huo kama jambo la kuonea wivu. Mtandao wa kambini ulikuwa mzuri kati ya saa mbili na saa nne usiku, na katika saa hizo mbili fundi aligeuka kuwa mume, baba, mwana, kaka na mjomba: karo ya muhula wa pili, ploti ya Njoro ambayo jirani alikuwa anasogeza ua wake, dawa za shinikizo la damu za mama, na mdogo wake aliyekuwa anakusanya mahari. Wote walitaka uamuzi wake, na wengi walitaka fedha. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepunguza mchango wake wa posho za wanajeshi wa AMISOM kwa asilimia 20 mwaka 2016, lakini hesabu ambazo ndugu huzifanya juu ya mtu aliye "misheni" hazikupungua hata kidogo. Gerejini aliwajibika bila mamlaka. Nyumbani alikuwa na mamlaka yote lakini hakuwa na namna ya kulifikia jambo lolote kwa mikono yake.

Kabla ya mimi kuingia, alikuwa amejaribu njia zake. Alikagua kila kazi mara tatu, jambo lililorefusha mchana na kuukata usiku zaidi. Alitafuna miraa usiku mmoja kwa ushauri wa mwenzake, akaacha alipoona vidole vinatetemeka juu ya bomba jembamba la dizeli. Alikwenda kwa padre wa kikosi, ambaye alimsikiliza vizuri na kumwombea, kisha akamwambia avumilie. Sina ugomvi na padre, na koplo mwenyewe alisema alitoka pale akiwa mwepesi kwa siku mbili; lakini kumwambia askari avumilie ni kumwambia aendelee na kile anachokifanya tayari.

Nilimwomba jambo dogo. Kila jioni aandike kazi za siku katika safu tatu: kazi yenyewe, aliyeiamuru, na sehemu ya kazi hiyo ambayo yeye koplo anaweza kuiamua. Wiki ya kwanza safu ya tatu ilikuwa karibu tupu, naye alinisomea kwa sauti ya mtu anayethibitisha kwamba alikuwa ameniambia. Wiki ya pili mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, kati ya saa nne na saa sita mchana hakuna aliyemfuatilia, na mpangilio wa kazi za saa hizo ulikuwa wake. La pili lilikuwa saini: hakuna amri yoyote iliyosema kwamba kando ya jina lake hapawezi kuandikwa neno jingine.

Alichelewa siku sita kulifanya jambo hilo la pili, akiogopa lisije likasomwa kuwa ni ujeuri. Mwishowe alimwendea sajini wa usafiri wakati wa chai, akasimama wima. "Afande, naomba ruhusa niandike hali ya gari kando ya saini yangu." Sajini akauliza aandike nini, kwa mfano. "Niandike 'filta ya zamani, imepulizwa,' afande." Sajini alikunywa chai yake, akasema: "Andika. Na mimi nitatia saini yangu chini ya yako."

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na ni lazima niseme wazi kwamba hakikugeuzwa na mshauri aliyekuwa Nakuru. Sajini naye alikuwa amechoshwa na amri tatu zinazogongana, na kumbe alikuwa anangoja mtu wa chini aanze. Baada ya wiki moja alikuwa akipita gerejini kila asubuhi akiwa na orodha moja ambayo kapteni ameipitia, wanasimama dakika kumi, na anayetaka gari lake lipande juu ya orodha anaelekezwa kwa sajini, si kwa koplo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mmarekani Thomas Salmon alisisitiza kwamba askari aliyelemewa asaidiwe karibu na kikosi chake, mapema, na kwa matarajio kwamba atarudi kazini. Kwa kipimo hicho sajini alikuwa mtibabu bora kuliko mimi kwa kila namna.

Usingizi ulirekebishwa kwa njia ya kawaida. Kahawa ilikoma saa kumi jioni. Saa saba mchana, ambapo chuma hakishikiki kwa joto hata kwa glavu, alilala nusu saa chini ya lori badala ya kujifanya ana kazi. Sajini akamhamishia kwenye zamu ya kwanza ya lindo, saa mbili hadi saa nne usiku, ili apate saa sita zisizokatwa. Zamu hiyo iliangukia zile saa za mtandao mzuri, naye alinieleza hilo kama hasara. Mimi nililichukua kwa mikono miwili.

Kwa upande wa nyumbani kazi ilifanyika hapa, mezani pangu, na mke. Tuliandika kwamba lolote lisilozidi shilingi 5,000 ataliamua mwenyewe na kumweleza mumewe baadaye. Ploti ya Njoro ingeshughulikiwa na kaka mkubwa wa koplo pamoja na mzee wa mtaa. Simu zingekuwa Jumatano na Jumapili, siku alizopumzishwa lindo, na dakika za mwanzo ni za watoto. Mama mkwe hakupendezwa. "Siku hizi mwanangu nampigia kwa kibali?" aliuliza kwa simu, na swali hilo halikuwa swali. Mke alipanda matatu hadi Bungoma na kilo mbili za sukari, akakaa jikoni na mama mkwe wake siku nzima bila kulitaja jambo lenyewe, na jioni akalieleza: "Mama, huko aliko anafanya kazi ya kushika vyuma usiku na mchana. Akikosa usingizi, mkono utakosea." Bibi yule, mjane wa mwana wa askari wa Keya, hakuhitaji maelezo zaidi. Dakika za watoto nazo zilianza vibaya, kwa kuwa watoto walipewa simu wakanyamaza, mpaka yule wa miaka sita alipoanza kutoa taarifa ya kuku, akitaja kila mmoja kwa rangi yake na idadi ya mayai. Koplo aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiingoja taarifa hiyo kuliko mshahara.

Hapa kuna kosa langu ambalo sitaki lipite kimya. Nilihesabu mzigo uliotoka kwa mume, nisiuhesabu ulipokwenda. Mwezi Agosti mke alirudi akilalamikia kichwa na usiku usioisha. Alikuwa na kibanda cha mitumba mjini, watoto watatu, kesi ya ua wa Njoro ambayo kaka mkubwa aliifuatilia kwa uvivu, na sasa pia jukumu la kuwaambia ndugu hapana. Yeye, tofauti na koplo wa Juni, alikuwa na uwezo wa kuamua, na hilo lilimsaidia kwa kiasi fulani, lakini hakuwa na sajini wa kutia saini chini ya yake. Tulitumia vikao vinne vilivyofuata kwa ajili yake peke yake. Wanawake wawili wa chama chake, ambao waume zao pia walikuwa ng'ambo ya mpaka, walianza kupokezana naye kuwachukua watoto shuleni, na ndipo kichwa kilipotulia.

Kufikia Oktoba koplo alikuwa analala saa sita au zaidi usiku mwingi wa juma, na ukaguzi wa mara tatu ulikuwa umeshuka hadi mara mbili kwa kazi za breki na usukani, mara moja kwa nyingine. Jambo moja lilibaki. Kila mazungumzo yalipokaribia siku ile ya pampu, alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Nilimuuliza mara mbili, kisha nikaacha.

Alirejea Februari 2019, na wiki ya tatu wakaja pamoja. Alikuwa amekonda, mtulivu, mwenye adabu nyingi. Nilipouliza kama kuna lolote ambalo sharti letu la simu lilimzuia kulisema, aliingiza mkono mfukoni akaweka juu ya meza nati moja nene, yenye kutu kidogo kwenye pembe.

Ilikuwa nati ya sampu, ile inayofunguliwa kumwaga oili chafu. Mwanzoni mwa Juni alikuwa chini ya lori akibadilisha oili alipoitwa kwa haraka kwenda kuiwasha jenereta iliyozimika. Alikuwa ameirudisha nati ile kwa vidole, bado hajaikaza kwa spana. Aliporudi alimimina oili mpya, akafuta mikono, akatia saini. Lori lilitoka alfajiri, na njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva, kijana makini, akazima injini kabla haijashika, na msafara mzima ukasimama barabarani dakika 40, mahali ambapo hakuna anayependa kusimama hata dakika moja, mpaka lori likafungwa mnyororo na kukokotwa. Hakuna aliyejeruhiwa. Nati ilikutwa imenasa juu ya bamba la chini. Jioni dereva aliingia gerejini, akaiweka kiganjani mwa koplo, akasema, "Fundi, hii ni yako," akaenda kula. Hakumshtaki kwa yeyote, wala hawakuwahi kulizungumza tena.

Siku nne baadaye mke alipiga simu kuhusu pampu, ambayo koplo mwenyewe ndiye aliyeifunga Januari kabla ya kuondoka.

"Nilikuuliza kama uliikaza," mke alisema taratibu, macho yakiwa kwenye nati.

"Uliniuliza."

Wakakaa kimya kwa muda, nami nikawaacha. Kisha mke akamweleza jambo ambalo hakuwa amelitaja tangu Juni, kwa kuwa baada ya ugomvi ule neno "pampu" lilikuwa limeondolewa katika mazungumzo yao: fundi wa mtaani aliyeitwa siku iliyofuata aliifungua, akakuta mpira wa ndani umechakaa, akaubadilisha kwa shilingi 150. Nati zote, alisema fundi huyo, zilikuwa zimekazwa sana, hata ilibidi apige spana kwa nyundo ili azifungue.